Miwani ya shule ibaki kwenye begi: maneno yangu kwa wazazi wa timu ya watoto

Assalaam alaykum wazazi wangu, na wasiokuwa Waislamu pia hamjambo, karibuni sana. Kochi ameniomba niseme kidogo kabla watoto hawajaanza mazoezi ya likizo, akaniambia nisiwachoshe, lakini hili jambo nakutana nalo mezani kwangu kila mara kwa hivyo mtanivumilia. Kazi yangu ni kukata lenzi. Daktari wa macho akishampima mtoto, ile karatasi ya namba inakuja kwangu, mimi ndo naikata lenzi na kuitia kwenye fremu. Si daktari mimi, mambo ya ugonjwa mtamuuliza daktari mwenyewe, lakini lenzi nazijua, na fremu nazijua zinavyorudi zikiwa zimevunjika.

Sasa nilikuwa nimesimama pale pembeni nawaangalia watoto wakiingia. Wenye miwani ni wengi, mashaallah, wazazi mmejitahidi maana kupima macho na kumvalisha mtoto miwani si jambo dogo kwa hali ya sasa. Lakini karibu wote wamekuja na ile ile ya darasani. Wengine imefungwa kamba nyuma ya kichwa na mzazi yuko na amani, ati haitaanguka. Wazazi wangu, kamba inazuia miwani isianguke, jicho hailindi. Tena mara nyengine kamba inafanya mambo yawe mabaya zaidi, maana miwani ambayo ingeruka ikaenda zake sasa imebanwa palepale usoni na lile pigo lote linaishia kwa mtoto.

Kwa nini nasema hivyo? Miwani ya kawaida imetengenezwa kwa kusoma na kutembea. Lenzi imekaa kwenye kijifereji chembamba cha fremu, na ikipigwa kutoka mbele hakuna kitu cha kuizuia isirudi nyuma, kwa jicho. Ile mikono ina skrubu na bawaba za chuma pembeni kabisa ya jicho. Fremu za chuma zina vile vidude vya puani, nazo zikikunjika zinachoma. Kwa hivyo mtoto anayecheza basketi na miwani ya shule, siku kiwiko cha mwenzake kitakapompata, ataumizwa na kiwiko alafu aumizwe na miwani yake mwenyewe.

Na najua hapa kuna mzazi anasema kichwani, basi nitamvua, acheze bila miwani. Nalo si jibu. Mtoto ambaye haoni mpira vizuri anauona ukiwa umeshafika. Kontakti lenzi nazo hazizuii chochote, ni kigozi tu juu ya jicho.

Niwaeleze jicho linavyoumia, maana watu wengi wanadhani mambo ni kuvimba tu na barafu. Jicho limekaa ndani ya shimo la mfupa, na ule mfupa wa pembeni unasaidia sana ukigongwa na kitu kikubwa kama mlango. Shida ni vitu vinavyotosha kuingia mle ndani. Mpira wa skwoshi una upana wa milimita 40, unaingia sawasawa. Kile kichwa cha kizibo cha kinyoya cha badmintoni ni kidogo zaidi na kinakuja kwa kasi sana. Kwenye basketi tatizo kubwa ni vidole na viwiko, wala si mpira. Hoki kuna mpira mgumu na fimbo, kriketi hivyo hivyo. Mpira wa miguu watu wanauonea rahisi kwa sababu ni mkubwa, lakini ukipigwa kwa nguvu karibu na uso unabonyea, na sehemu yake inajisukuma ndani ya lile shimo. Kinachofuata ni damu kujaa mbele ya mboni, ama retina, ule utando wa kuonea, kuchanika na kubanduka huko nyuma, ama mtoto wa jicho kwa kijana ambaye hata ndevu hana. Na jengine ambalo wazazi hawaambiwi, jicho lililopigwa vibaya linaweza kuonekana limepona kabisa alafu baada ya miaka likaingia glakoma, ile mnayoita presha ya macho, kwa sababu njia ya kutolea maji ndani ya jicho iliharibika siku ile ile ya mpira. Ndo maana mtoto aliyewahi kupigwa jicho apelekwe kuangaliwa kila mwaka hata kama halalamiki.

Haya. Sasa tuingie kwenye kununua, maana ndo mlichokuja kusikia.

Jambo la kwanza na kama mtasahau mengine yote hili mlishike, ni lenzi imetengenezwa na nini. Mnataka polikaboneti. Hii ni plastiki ambayo iligunduliwa mwaka 1953 kule Ujerumani na Marekani, na ndo hiyo hiyo inayotumika kwenye ngao za polisi wa kutuliza ghasia, mmeziona. Ikipigwa inajikunja kidogo na kurudi, haimwagiki vipande kama ile plastiki ya kawaida. Kuna nyengine inaitwa Trivex, ilitoka 2001, nayo ni imara na ni nyepesi na inaonyesha vizuri zaidi, lakini bei yake iko juu na si kila duka hapa mjini Mombasa linayo, kwa hivyo mkiipata sawa, mkiikosa polikaboneti inatosha kabisa.

Ugumu ni kwamba kwa macho huwezi kutofautisha. Zote ziko wazi, zote zinang'aa. Sasa sikilizeni, hii hamtaambiwa dukani: lenzi kabla haijakatwa inakuja kwenye bahasha ndogo ya karatasi, na juu ya bahasha kumeandikwa aina na namba ya indeksi, yaani lenzi inavyopinda mwanga. Polikaboneti ni 1.59, au utaona 1.586. Ile plastiki ya kawaida ni 1.50 au 1.499. Na iko moja imejaa sana madukani, 1.56, utaambiwa hii ni nzuri zaidi ni nyembamba, ndio ni nyembamba kidogo lakini kwa pigo haifai. Hata zile za bei kali za 1.60 na 1.67 sizo mnazotafuta, zile ni kwa mwenye namba kubwa asiyetaka vioo vinene. Kwa hivyo ukienda, iwe Digo Road iwe Moi Avenue iwe duka la mtaani kwenu, mwambie kwa heshima tu, kaka ama dada, naomba kuona bahasha ya lenzi kabla hujakata. Mtu anayefanya kazi yake sawa hatakasirika. Mimi mwenyewe mteja akiniuliza nafurahi, najua huyu anajali. Na kama anaanza kuzunguka zunguka, shukuru, ondoka, maduka ni mengi.

Alafu unene. Lenzi ya mchezo isikatwe nyembamba ili mtoto apendeze. Milimita 3 katikati ndo iliyopendekezwa miaka mingi na madaktari wa watoto na wa macho kule Marekani kwa michezo yenye mipira na viwiko, na chini ya 2 usikubali kabisa.

Jambo la pili ni fremu. Fremu ya michezo haina bawaba, ama kama inayo imefichwa mbali na imefunikwa. Imetengenezwa kipande kimoja, ina sponji au mpira laini puani na pembeni, na nyuma kuna mkanda mpana. Ukiitazama kwa ndani utaona ule mdomo wa upande wa jicho ni mrefu kuliko wa mbele, na hiyo ndo siri yake, lenzi ikipigwa sana itatokea mbele, haiwezi kurudi nyuma kwa mtoto. Tazameni na chapa ndani ya fremu ama kwenye boksi. Za Marekani zinaandikwa ASTM F803, na za michezo ya raketi kama skwoshi ASTM F3164. Maana yake ni kwamba imepigwa mipira ya mchezo kwenye maabara na lenzi haikugusa jicho. Kuna nyengine zinauzwa zikiwa na umbo lile lile, mkanda ule ule, lakini hakuna maandishi yoyote, na hapo sina la kukusaidia, umbo peke yake halilindi.

Hapa niseme kwa wababa wa bandarini, maana najua mko. Mnapewa miwani ya kazi, zile za wazi, nazo ni polikaboneti kweli, na mzazi anafikiria si nimpe tu mtoto. Naelewa kabisa. Lakini ile alama ya EN 166 yenye herufi F inamaanisha imejaribiwa na gololi ya chuma ya milimita 6 kwa kasi ya mita 45 kwa sekunde, yaani ni kwa ajili ya vipande vinavyoruka kwenye grainda. Kiwiko cha mtoto wa miaka 13 hakikujaribiwa pale. Tena ni saizi ya mtu mzima, inacheza cheza usoni, na namba ya mtoto haimo. Ibaki bandarini.

Haya, pesa. Bei sitaji maana zinapanda na kushuka, lakini nitawaambia pesa inapotea wapi na inaokolewa wapi.

Inapotea kwenye nyongeza. Utaambiwa uongeze blu kati, ile ya kuzuia mwanga wa buluu wa simu, uongeze ile inayobadilika rangi juani, uongeze kinga ya jua. Polikaboneti yenyewe tayari inazuia miale ya UV, hujalipia chochote. Blu kati mtoto anayekimbia na mpira haimsaidii kitu. Kitu kimoja tu ndo ulipie, ile koti ya kuzuia mikwaruzo, kwa sababu polikaboneti inakwaruzika haraka na bila koti baada ya muda mfupi mtoto anaona ukungu, na akiona ukungu anaivua. Mnashangaa wanavyovua? Mara nyingi ni hiyo.

Inaokolewa kwa kununua fremu ambayo lenzi zinaweza kubadilishwa. Macho ya watoto yanabadilika namba, wengine ndani ya mwaka, na kama fremu bado inamkaa huna haja ya kununua yote upya, unaleta fremu, natoa lenzi za zamani natia mpya, na hiyo ni gharama ndogo kuliko seti nzima. Muulizeni muuzaji kabla ya kulipa, hii nikirudi mwakani lenzi zinatoka? Kuna zile ambazo zimeshikana moja kwa moja, rahisi leo ghali kesho.

Na kuna mtumba. Kongowea na hata Mwembe Tayari nimeona fremu nzuri kabisa za michezo zikiwa na chapa yake, na sitasema msinunue, ningekuwa nawadanganya kuhusu maisha ya hapa. Nunua, lakini fremu tu. Iangalie juani kama ina nyufa ndogo ndogo hasa puani na mahali mkanda unapoingia, ikiwa nazo iache. Mkanda ukiwa umelegea badilisha. Lenzi iliyomo itoke, hata kama iko wazi kabisa, maana hujui ilishapigwa mara ngapi, na lenzi ambayo imeshapokea pigo kubwa haiaminiki tena. Vivyo hivyo kwa ya kaka mtu kwenda kwa mdogo wake.

Jengine, mkiwa wazazi wanne watano wa timu moja nendeni pamoja, agizeni pamoja. Maduka mengi hayatakataa kuwashushia bei kwa oda kama hiyo. Na wenye bima ya kazini ulizeni kama miwani imo na kama wanakubali ya pili, maana wengi wana haki hiyo na hawajui.

Sasa kwa ambaye hata baada ya hayo yote haiwezekani, na wapo, wala si aibu. Kuna miwani za michezo za kuvalia juu ya miwani ya kawaida. Hazina namba kwa hivyo ni nafuu, na timu inaweza hata kuwa nazo mbili tatu za kupokezana. Ziwe polikaboneti na ziwe na ile chapa. Zina joto, zinapata ukungu, mtoto hatazipenda sana, lakini zinalinda. Na kwa mtoto ambaye anakimbia tu na kuruka kamba, basi hata miwani yake ya shule itiwe lenzi za polikaboneti safari ijayo mnapobadilisha, tofauti ya bei si kubwa na inamsaidia kila mahali, kwenye korido, kwenye matatu, nyumbani. Sijasema hiyo itoshe kwa basketi ama hoki. Haitoshi. Ni hatua tu.

Lakini yuko mtoto mmoja ambaye kwake sitakubali njia ya mkato, na nawaomba sana. Ni mtoto ambaye ana jicho moja tu zuri. Kama daktari amewaambia jicho moja hata na miwani halifiki 6/12, kile kipimo cha chati ya herufi ukutani, ama ni jicho vivu, yaani lisilojifunza kuona vizuri tangu utotoni, ama liliumia zamani, huyo kila mchezo wenye mpira avae miwani kamili ya michezo, hata mazoezi, hata mpira wa uani. Na ngumi na karate ya kupigana asicheze kabisa, hakuna miwani inayoruhusiwa mle ulingoni. Likienda lile zuri hakuna la akiba. Kama kuna mzazi wa mtoto kama huyo na pesa ndo kikwazo, anifuate baada ya hapa tuzungumze pembeni, na kochi pia yuko tayari tuchangishane. Mkapime pia, kliniki ya macho iko Coast General, iko Lighthouse, ng'ambo kule Waa iko Kwale Eye Centre, msikae tu mkikisia.

Kwenye kujaribu, mtoto aje mwenyewe. Si viatu vya sikukuu kusema tununue kubwa atakua nayo. Miwani ya michezo ikiwa kubwa inapanda na kushuka, kiwiko kinaingia kwa chini, na katikati ya lenzi hakukai mbele ya mboni kwa hivyo anaona vibaya na kichwa kinamuuma. Chati ya umri kwenye boksi ni ya kuanzia tu, vichwa vya watoto havifanani. Mvalishe, mwambie aruke, atikise kichwa, ainame, apande na kushuka ngazi za duka. Wasichana wanaocheza na hijabu waje na ile hijabu ya mchezo, mkanda upite chini yake juu ya kile kikofia cha ndani, hapo haitelezi na hijabu haivutwi. Wa kriketi waje na helmeti. Na rangi mwacheni achague mwenyewe, hata kama ni ile ya kijani ya kuchoma macho, aliyechagua mwenyewe atavaa.

Kwa sababu watachekwa, hilo najua. Macho manne, profesa, yote hayo. Waonyesheni Edgar Davids, Mholanzi yule wa mpira wa miguu, alifanyiwa upasuaji wa glakoma mwaka 1999 na tangu hapo akacheza na miwani ya michezo, Juventus, Barcelona, na hakuna beki aliyemcheka. Kwenye basketi Kareem Abdul-Jabbar alikwaruzwa jicho 1968 akiwa chuo, akakwaruzwa tena 1974, ndo akaanza kuvaa, na akaendelea kuchukua ubingwa wa NBA nayo usoni. Vijana wakiona hivyo wanatulia.

Marefa nao. Nimesikia mtoto ametolewa uwanjani ati miwani hairuhusiwi. Sheria ya 4 ya mpira wa miguu inaitaja miwani ya michezo waziwazi kwamba inaruhusiwa. Basketi pia inaruhusiwa mradi isiwe hatari kwa wengine. Kochi, nakuomba uwe na hiyo sheria umeichapisha, utembee nayo, iwe Makadara iwe Uwanja wa Mbuzi, mtoto asirudi nyumbani analia kwa jambo ambalo sheria imeshalimaliza.

Kuitunza hapa kwetu kuna shida yake maana jasho na chumvi na mchanga. Kwanza mwagia maji, mchanga uondoke, ndo upanguse, ukipangusa kavu umeikwaruza. Sabuni ya kawaida laini na kitambaa cha pamba. Thina ama asetoni ya kucha usiiguse nayo kamwe, polikaboneti inapasuka kimya kimya ndani na hujui mpaka siku ya pigo. Usiiache kwenye dashibodi ya gari juani. Ukungu, chagua fremu yenye matundu ya hewa juu na pembeni, na mtoto awe na kitambaa kavu benchi.

Na siku ikitokea jicho limepigwa, mtoto asilisugue, msilibonyeze, msimtie matone ya mtu mwengine wala maziwa wala chai. Kama kuna kitu kimechoma kimebaki, msikitoe. Kateni kikombe cha karatasi, fudikizeni juu bila kugusa jicho, mkalisheni wima, hospitali hapo hapo. Akiona giza kama pazia, ama vimulimuli, ama damu inaonekana ndani ya rangi ya jicho, ama anaona viwili viwili, usingoje asubuhi.

Ndio mama, wewe pale nyuma… Ameuliza kuhusu kuogelea, mtoto wake anaenda ufukwe wa Pirates kila Jumapili na bila miwani haoni watu wake wako wapi. Swali zuri. Zipo miwani za kuogelea zenye namba, zinauzwa tayari zikiwa zimepangwa kwa hatua ya nusu nusu, kwa wasioona mbali, ni nafuu kuliko kutengeneza. Haziweki sawa ile namba ya astigmati, ya jicho lisilo duara sawasawa, lakini majini inatosha kumwona mama yake na kuona mawimbi. Chukua iliyo karibu na namba yake, kama iko katikati chukua ndogo. Lakini akitoka majini wakaanza mpira wa ufukweni azivue, zile hazikutengenezwa kwa pigo, na zinabana jicho lenyewe. Avae ile ya michezo.

Haya, wenye karatasi za namba leteni hapa mezani, tuanze na wadogo, na hawa wa basketi wasiondoke kabla sijawapima upana wa uso.